Ukienda kumtazama Turner, nenda Januari

Niliwahi kumchorea mwenye nyumba ya wageni mmoja hapa Bagamoyo picha ya majahazi kwa rangi za maji. Akaitundika mkabala na dirisha la baharini. Mwaka haujaisha, bahari yangu ikapauka kama kanga iliyosahauliwa kambani. Kwa hiyo nilipokwenda Edinburgh, Scotland, kumtembelea binti yangu, nikakuta picha za Turner zimewekwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, sikunung'unika.

Turner ni yule mchoraji Mwingereza wa mandhari (1775–1851). Picha zake 38 za rangi za maji mkusanyaji wa sanaa Henry Vaughan aliziachia jumba la sanaa la taifa la Scotland kwa wosia wenye masharti: zionyeshwe zote pamoja, bila kiingilio, mwezi wa Januari, mwanga wa huko unapokuwa dhaifu. Desturi hiyo ipo tangu 1901.

Vaa koti zito. Begi usilibebe mgongoni. Mimi niligeuka nalo, mlinzi akanikohoa mpaka nikaona haya. Flashi zima. Ukitaka kuchora, chukua penseli, kalamu ya wino iache.

Ukiingia, usikimbilie picha. Simama kwanza macho yazoee, kama unavyosimama ukumbini ukitoka juani saa saba mchana. Picha zenyewe ndogo. Ukizipita kwa mwendo wa mtu anayewahi basi, robo saa umemaliza na hukuona kitu. Chagua tatu tu.

Mimi nilikaa na ile ya uwanja wa Piazzetta, Venice, radi ikipiga. Sogea karibu, mikono nyuma. Umeme ule hakuupaka: aliikwangua rangi, weupe wa karatasi ukachomoza. Inasemekana alifuga ukucha wa dole gumba kwa kazi hiyo hiyo. (Nimejaribu na wangu. Karatasi ilichanika.) Kisha rudi nyuma hatua nne, utaona anga lote linawaka. Kwenye nyingine tafuta sehemu alizoziacha bila kupaka, maana kwenye rangi za maji mwanga mwingi ni karatasi yenyewe. Maelezo ya ukutani yasome mwisho.

Yule wa nyumba ya wageni nimemchorea nyingine. Nimeitundika mwenyewe, kwenye korido ya kuelekea chooni, kusikofika jua. Amenuna.