Jinsi ya kufuatilia utitiri kwenye viota vya ndege, na kwanini kinda mmoja anapona mwenzake anakufa

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa, tukiangalia ndege tunaangalia rangi na sauti tu, kumbe anayeamua sana nani azae na nani aishie njiani ni vimelea kama utitiri, vidudu vidogo vinavyonyonya damu, na hili unaweza kulifuatilia hapo hapo nyumbani ukiwa na daftari na kitambaa cheupe.

Tafuta viota vya mbayuwayu, vile vya tope vya umbo la bakuli chini ya paa, maana makinda wakifumbua midomo unawahesabu bila kuwagusa. Kila kiota kipe namba, pita kila baada ya siku mbili, andika makinda wangapi wapo, wangapi wameruka. Wakisharuka, siku hiyo hiyo au kesho yake, panda ngazi umevaa glovu (utitiri unauma watu pia jamani), chukua matandiko kidogo ya ndani, kiota chenyewe usikibomoe maana wanaweza kukirudia. Kung'uta juu ya kitambaa juani halafu subiri. Mwanzoni utaona kama vumbi, baadae vumbi linaanza kutembea, utitiri wenye njaa ni wa kijivu, ulioshiba damu ni mwekundu kabisa. Hesabu. Ukikosa andika sifuri, usiache wazi, sifuri nayo ni taarifa.

Sasa kwanini makinda wa kiota kimoja, chakula kile kile, mmoja anapona mwingine hapana? Kuna bahati, kuna nani kaanguliwa mapema, ila kuna na jeni za kinga. Hizi zinatengeneza kama vishikio juu ya seli, vinakamata kipande cha kimelea na kukionesha kwa askari wa mwili, na kila aina ya kishikio inakamata vipande vyake, kwahiyo kinda aliyerithi aina tofauti kwa baba na kwa mama anawatambua maadui wengi zaidi. Wafugaji mnajua mahepe, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia Marek, kuna kuku wenye aina ya jeni inayoitwa B21 wanauhimili vizuri kuliko wenzao. Na vimelea navyo havilali, vinajifunza kukwepa aina iliyozoeleka, ndipo ile adimu inapata nafasi, ndo maana hakuna aina moja iliyoshinda zote.

Kama una ndugu Kyela mwambie naye ahesabu. Kyela iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini 1,700 na kitu, Kitulo 2,600, na baridi inabadilisha mchezo: kimelea cha malaria ya ndege hakikui ndani ya mbu chini ya nyuzi 13 hivi. Hawaii mbu waliingia 1826, malaria ikaja kumaliza ndege wa tambarare, wengi wakabaki milimani kwenye baridi, ila amakihi, ndege mdogo wa huko, yule wa bondeni sasa anaugua na bado anaishi na kuzaa, yaani uteuzi wa asili (wenye kinga nzuri wanabaki na kuzaa) umeshafanya kazi pale.

Mambo ya kutoa damu waachie watafiti wenye kibali. Na ukitoka bandani nawa mikono, badili viatu kabla ya kwenda kwenye viota, maana bakteria wa mafua sugu ya kuku ndio walioonekana 1994 mashariki mwa Marekani wakiwavimbisha macho ndege wa porini, wakafa wengi sana.