Usiudekeze mche wa nyanya kitaluni

Pita shamba la nyanya siku ya pili baada ya kupandikiza, saa nane mchana. Miche iliyokuzwa chini ya kivuli na kumwagiliwa asubuhi na jioni utaikuta imelala, majani yamelegea kama mchicha wa jana. Lawama huenda kwa mbegu au kwa duka la pembejeo. Mara nyingi mbegu haina kosa: mche ule haujawahi kuonja kiu.

Mmea hukumbuka shida. Ndani ya seli zake, vinasaba (DNA) vimezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kibiringo. Ukame ukiingia, alama ndogo za kikemia hubandikwa kwenye histoni hizo au kwenye vinasaba vyenyewe. Vinasaba havibadiliki, hubadilika ni jeni zipi, yaani vipande vya vinasaba vyenye maagizo, ziko wazi kusomwa na zipi zimefungwa. Hiyo ndiyo epijenetiki. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, walikausha mimea ya Arabidopsis, mmea mdogo utumikao sana maabara, wakairudishia maji, kisha wakaikausha tena. Safari ya pili baadhi ya jeni ziliamka kwa nguvu zaidi, na mimea ikapoteza maji polepole. Baada ya siku 5 za kunyweshwa kumbukumbu ilikuwapo. Kufikia siku 7 ilikuwa imefutika.

Arabidopsis si nyanya, kwa hiyo usizifanye siku hizo kipimo cha kitalu chako. Ila usikomaze miche, yaani kuizoesha jua na kiu kabla ya kupandikiza, halafu ukairudisha kwenye raha wiki nzima kwa sababu shamba halijalimwa. Lima kwanza.

Anza kukomaza siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza. Mwanzoni ipe jua la asubuhi tu, ifikapo saa nne rudisha kivuli. Ongeza muda kila siku, hata siku 3 za mwisho kitalu kikae wazi kutwa. Maji yapunguze: subiri majani yalegee kidogo mchana ndipo umwagilie. Nasema yalegee, si yakauke. Mche ulionyauka mchana na usioamka alfajiri umeshaumia. Urea iache kabisa siku hizi. Hutoa majani laini, mazuri kwa macho tu.

Mche ulio tayari unaujua kwa mkono. Upinde taratibu kwa vidole viwili: shina linakaza na kurudi, na chini lina wekundu wa zambarau. Saa chache kabla ya kung'oa mwagilia kitalu vizuri ili mizizi itoke na udongo wake. Pandikiza jioni, mwagilia, weka matandazo.

Kuna jambo wakulima huniuliza sana: mahindi yaliyovumilia ukame mwaka huu, je, mbegu yake itakuwa sugu mwakani? Usiitegemee kumbukumbu hiyo. Alama nyingi hufutika mbegu inapotengenezwa, chache tu hupita. Kwa mbegu ya asili, kuchagua mashina yaliyozaa vizuri kwenye kiangazi kuna faida, lakini hapo unachagua vinasaba, na ni kazi ya misimu mingi. Kwa chotara, mbegu ya kuchanganya aina mbili, hata hilo halipo. Ukirudia mbegu uliyovuna, mistari hutoka mirefu na mifupi, mingine imetoa mbelewele wakati mingine bado, na gunia hupungua hata mvua ikinyesha vizuri.