Kufunga betri ya pili kwenye Hiace ya kulala, bila kuunguza waya na bila kuachwa njiani

Watu wa Mwanza wameanza kugeuza Hiace na Noah ziwe za kulalia, wikiendi wanaenda zao Lamadi au wanavuka daraja la Kigongo-Busisi kwenda kukaa upande wa pili, na swali linakuwa lilelile, umeme wa usiku unatoka wapi. Ukitegemea betri ya injini asubuhi gari haliwaki. Na ukilala pembeni ya ziwa feni ni lazima, maana wale wadudu wa ziwani wakipanda juu kama moshi na wewe umewasha taa huwezi kuacha kioo wazi, mtafungiana humo ndani na joto lake.

Kwahiyo unahitaji betri ya pili, tena siyo N70 ya kawaida ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache za kupiga starta, ukiinyonya polepole usiku kucha inakufa mapema, ndo maana mvuvi wa dagaa anayewashia taa zake betri ya gari anarudi dukani kila mara. Nunua ile wanayoita betri ya sola, ambayo ndani nayo ni ya risasi, au lithiamu kama mfuko unaruhusu.

Ukubwa piga hesabu mwenyewe usimwachie muuzaji. Feni ya 12V inakula kama ampia 2, saa 8 ni 16. Taa za LED na simu weka 10. Friji ndogo ya kompresa inavuta kama ampia 4 ikiwa inazunguka, kwa joto letu chukulia inazunguka nusu ya muda, siku nzima ni 48. Jumla unakuja 74Ah (ampia mara saa) hivi. Sasa betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwahiyo unataka 150Ah, lithiamu ya 100Ah inatosha kabisa. Na kabla hujanunua chochote pima betri ya gari kwa mita, Coaster nyingi ni 24V na mambo yote yanabadilika.

Kati ya betri mbili unaweka kitu cha kuziachanisha. Rahisi ni rilei, yaani swichi ya umeme, inayosoma volti, injini ikiwaka na volti zikapanda kama 13.3 inaunganisha, ukizima zikashuka kama 12.8 inaachanisha, betri ya mbele, yaani ya injini, inabaki salama. Kwa betri ya risasi na altaneta (jenereta ya injini) ya kizamani inatosha. Lithiamu usiiunganishe kwa rilei tupu, inavuta moto mwingi mno na altaneta inachemka hasa gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini inaunguruma, hapo weka chaja ya DC kwa DC, inayokaa kati ya betri mbili na kupima moto unaopita, ya ampia 20 au 30, hata magari mapya yenye altaneta ya kompyuta yanaitaka hiyo.

Haya tuje kwenye waya, naomba hapa usiharakishe, maana ndo panaunguza magari. Mafundi wengi wanaweka fyuzi moja tu kwenye betri ya mbele. Angalia vizuri, waya ule una betri huku na huku! Ukichubuka katikati ukagusa bodi, fyuzi ya mbele inakata, lakini betri ya nyuma inaendelea kumwaga moto kwenye waya uleule mpaka plastiki inawaka chini ya kapeti, na wewe umelala juu yake. Fyuzi ziwe mbili, moja kila upande, kila moja isizidi sentimita 30 kutoka kichwa cha chanya. Na fyuzi inalinda waya, hailindi friji, kwahiyo saizi yake inafuata unene wa waya. Waya wa 16mm² weka fyuzi ya 60A. Feni, taa na friji kila kimoja kiwe na fyuzi yake ndogo kwenye boksi la fyuzi.

Unene nao una sababu. Ampia 30 kwenye waya wa 6mm² wa mita 5 zinapoteza karibu nusu volti njiani, betri ya nyuma haitakaa ijae, kwa 16mm² unapoteza kama 0.16 tu. Ukiwa dukani kwangua ncha ya waya kwa kisu, ukiona weupe ndani hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Pitisha waya ndani ya bomba, mbali na egzosi, na kila tundu la bati liwe na raba maana barabara za vumbi zinasugua waya mchana kutwa. Ethi, yaani waya wa hasi, funga kwenye chuma cha bodi, kwangua rangi mpaka ing'ae, unene uwe sawa na wa chanya.

Betri yenyewe ifungwe kwa mkanda na chuma, hiyo ya risasi ni kilo 25 kwenda juu na ukipiga breki ghafla inaruka. Betri ya maji usiweke unapolala bila boksi lenye bomba la kutoa hewa nje, ikichajiwa inatoa haidrojeni na hiyo inalipuka.

Siku ya kuunganisha vua pete na saa, toa hasi ya betri ya mbele kwanza. Funga kila kitu fyuzi zikiwa nje, rudisha hasi, halafu ndo uchomeke fyuzi mwisho kabisa. Ukiwa na sola, kontrola iunganishe na betri kwanza, paneli baadae.

Washa gari upime. Betri ya nyuma ya risasi ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama 12.6, injini ikiwaka ipande 13.8 mpaka 14.4, ukizima dakika chache ziachane. Endesha nusu saa, mfano mpaka Kisesa, zima, halafu gusa kila lagi (kile kichwa cha chuma kwenye ncha ya waya) na kila fyuzi kwa mkono. Ukikuta moja ina joto kuliko nyingine hapo pamelegea, toa fyuzi zote mbili, kaza, pima tena.