Kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege, mfano Nairobi hadi New York

Juzi nilikuwa namsaidia shemeji kupanga nani atampokea mwanawe New York, na maswali ni yaleyale kila msimu wa wanafunzi kusafiri, kwa hiyo naandika mara moja niwe natuma linki tu.

Hatua 1. Jua zile herufi tatu za viwanja vya ndege. Nairobi ni NBO, uwanja wa Kennedy wa New York ni JFK. Angalia tiketi vizuri, maana kuna LaGuardia (LGA) na pia Newark (EWR), ambao hata haupo New York, upo New Jersey.

Hatua 2. Umbali. Fungua Great Circle Mapper, saiti ya kupima umbali kati ya viwanja, andika NBO-JFK, basi. Utapata kama kilomita 11,840. Zile saiti nyingine za umbali kati ya miji mimi sizitaki kabisa, matangazo kibao na nyingine zinapima katikati ya mji. Ukikuta imeandikwa nm hizo ni maili za baharini, zidisha kwa 1.852. Kama anapitia Dubai andika NBO-DXB-JFK, utaona inapanda hadi karibu 14,600.

Hatua 3. Muda wa hewani. Gawanya kwa 900, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, unapata karibu masaa 13 na dakika 40. Ila Kenya Airways walipoanza kwenda moja kwa moja Oktoba 2018 walitangaza kama masaa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa sababu ule upepo mkali wa juu unavuma kuelekea mashariki, ukienda Marekani unakupinga, ukirudi unakusukuma, na ratiba inahesabu pia muda wa ndege kutembea ardhini. Ukitaka uhakika tafuta KQ002, ndiyo namba ya hiyo ndege ya kwenda, kwenye FlightAware, saiti ya kufuatilia ndege, uone za siku zilizopita zilichukua muda gani.

Hatua 4. Saa ya kufika, na hapa ndipo jioni yote iliishia. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali penyewe, ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Tuseme imeandikwa 23:25 na 06:25, mtu anaona masaa 7 anasema mbona karibu hivi! Ongeza tofauti ya saa, ambayo ni 8 wakati wa baridi, ndio unapata 15. Lakini wenzetu wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatusogezi, kwa hiyo katikati hapo tofauti ni 7 na safari hiyohiyo ya masaa 15 itafika 07:25.

Halafu saa zetu. Hiyo 06:25 ni saa kumi na mbili asubuhi, ukimwambia mama kwa simu "sita na ishirini na tano" atajua ni mchana. Andika tarakimu za masaa 24, na pembeni andika asubuhi au usiku.

Kubwa zaidi, ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema tarehe 12 saa 00:15, huo ni usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani mnatoka nyumbani tarehe 11 jioni. Ukienda eapoti tarehe 12 usiku ndege ilishaondoka usiku uliotangulia. Shemeji alibisha hili mpaka nikamchorea kalenda.

Hatua 5. Anayempokea mtumie namba ya ndege na tarehe ya kufika, atafuatilia mwenyewe kwenye simu.