Uliza kaunti deni la kodi kabla ya kulipa arubuni ya kiwanja

Unaponunua kiwanja mjini nchini Kenya, usitosheke na upekuzi rasmi wa masjala ya ardhi, bali omba kaunti ikupe taarifa ya deni la kodi ya ardhi inayotozwa na kaunti (rates) kwa nambari ya kiwanja chenyewe. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinalitambua deni hilo kuwa mzigo unaoibana ardhi hata usipoandikwa kwenye rejista, kwa hiyo sehemu ya vizuizi ya rejista hiyo inaweza kuwa tupu ilhali riba inazidi kupanda. Cheti cha kutodaiwa kodi hiyo kwa kawaida huombwa wakati wa kuhamisha umiliki, nawe kufikia hapo umeshatoa arubuni. Taarifa hiyo ya kaunti haionyeshi kodi ya pango ya serikali kuu kwa ardhi iliyokodishwa na serikali (leasehold). Hiyo huulizwa kando.