Kufufua Kompyuta ya Zamani katika Hewa ya Pwani

Kompyuta ya mezani iliyokaa miaka mingi Mikindani au Lindi mjini, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, mara nyingi haijafa bali viungio vyake vimeshikwa na kutu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote ndani. Pawasaplai, yaani kisanduku cha ndani kinachoipa mashine umeme, usiifungue kamwe, kwa kuwa kapasita zake, yaani vipande vinavyotunza chaji, huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Toa ramu, yaani kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda, sugua meno yake ya chuma taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa mabaki kwa spiriti, na uirudishe mpaka vibanio vishike. Ikiwa saa hupotea kila mashine inapochomolewa, badilisha betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu, yenye volti 3.

Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu, nunua diski ya SSD, yaani ya kuhifadhia data isiyo na sehemu zinazozunguka, maana kwa maoni yangu hakuna badiliko linaloonekana upesi kuliko hilo. Lakini hakikisha kwanza kwamba ubao mkuu, yaani ule unaounganisha vifaa vyote, una soketi za SATA za kuchomekea diski hiyo, kwani mashine za kale zaidi hutumia IDE, kiungio cha aina ya zamani. Ramu ya DDR2, hata ukiilazimisha, haiingii katika nafasi ya DDR3, kizazi kilichoifuata.