Ziara ya kundi China: soma ratiba kabla hujalipa, na asubuhi zijue mwenyewe

Kama unakwenda China kwa mara ya kwanza, nenda na kundi. Najua wapo vijana watakaonibishia, lakini nchi ambayo huwezi kusoma kibao cha barabarani wala orodha ya chakula, na ambako nusu ya programu za simu yako hazifunguki, inataka mwenyeji wa kukushika mkono. Sisi tulikwenda wanawake wa kikoba kimoja cha Tanga, na waume wachache waliotufuata. Tulianzia Beijing, tukapita Xi'an na Shanghai, tukamalizia Guangzhou. Niliipenda nchi ile mno. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mama au baba mwingine anayedunduliza pesa zake kwa miaka ili aione, maana pesa hiyo haitapatikana mara mbili.

Kazi kubwa iko kabla ya safari, kwenye ile karatasi ya ratiba. Isome ukiwa na kalamu. Kila utakapoona "kituo cha hariri", "maonesho ya chai", "kiwanda cha lulu" au "mawe ya kijani ya vito", piga mstari, kwa sababu hayo ni maduka. Utakaribishwa, utapewa maelezo mazuri ya nusu saa, halafu utafunguliwa mlango wa ukumbi wa kuuzia, na basi haliondoki mpaka muda uliopangwa uishe. Sheria ya utalii ya China iliyoanza kutumika Oktoba 2013 inakataza kuwavuta wageni kwa bei ya chini isiyo na mantiki kisha kuchuma kwenye manunuzi yao, lakini maduka yangali kwenye ratiba nyingi. Sisi siku ya Ukuta Mkuu tulipitishwa kwanza kwenye duka la vito, asubuhi ikaisha humo, na ukutani tukafika jua la utosi na muda umebanwa. Wenzangu wawili walikuwa wamesubiri siku ile maisha yao yote. Kwa hiyo muulize wakala wako kwa maandishi: maduka ni mangapi, kila moja ni muda gani, na asiyetaka kuingia atakaa wapi. Bei ya wakala mmoja ikiwa chini mno kuliko ya wenzake, ujue tofauti hiyo inategemewa kupatikana huko madukani.

Angalia pia siku. Jumba la wafalme la Beijing, wenyewe huliita Gugong, hufungwa Jumatatu isipokuwa sikukuu za taifa, na tiketi zake hukatwa mapema kwa namba ya pasipoti. Ukiona ratiba imeliweka Jumatatu, aliyeiandika hakuwa makini, na sehemu nyingine za ratiba hiyo zichunguze vilevile. Uliza hoteli iko wapi hasa, maana "Beijing" ni neno pana: unaweza kulazwa mahali ambapo kufika katikati ya mji ni saa nzima na zaidi ya basi. Halafu kimbia wiki ya kwanza ya Oktoba, siku za mwanzo wa Mei na Mwaka Mpya wa Kichina. Hizo ndizo likizo zao, na wenyeji wenyewe huwa wamejaa kila mahali. Aprili na nusu ya pili ya Oktoba hali ya hewa ni ya kupumua. Januari Beijing maji huganda, na sisi watu wa pwani hatuna nguo za kazi hiyo.

Simu ishughulikie ukiwa bado nyumbani. Kwa intaneti ya China, WhatsApp, Google, Facebook na Instagram hazifunguki. Njia rahisi kwa mtu asiyetaka makuu ni kutumia laini yako ya nyumbani kwa huduma ya nje ya nchi, kwa sababu data hupitia mtandao wa huku na WhatsApp hufanya kazi. Ila uliza gharama kwanza na ununue bando maalumu, usije ukashtukia salio limekwisha siku ya kwanza. Kisha pakua Alipay na WeChat, programu za simu wanazolipia kule, jisajili kwa pasipoti, na uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard. Waambie benki wafungue malipo ya nje. Kule hata muuza viazi vitamu vya kuchoma ana karatasi ya QR imening'inia kwenye toroli lake. Kwenye Alipay, malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi ada kwa kadi ya kigeni. Yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Kwa hiyo vitu vidogo vidogo vilipie kimoja kimoja. Weka na noti chache za yuan mkobani kwa siku ambayo simu itazima.

Pawabenki yako iangalie mgongoni: tangu Juni 2025, isiyo na alama ya 3C, yaani ya China ya kuthibitisha usalama, inayosomeka vizuri hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China, na wanaikamata hapohapo kwenye ukaguzi. Beba adapta, kwa sababu plagi zetu za pini tatu pana haziingii kule. Na saa: nchi nzima inatumia saa moja, mbele yetu kwa saa tano. Mchana wa saa sita Beijing, Tanga ni saa moja asubuhi. Watoto utawapigia jioni ya huko.

Sasa Beijing. Gugong huingiwa lango la kusini na kutokewa la kaskazini, karibu kilomita nzima ukienda moja kwa moja tu, juu ya mawe, na kivuli ni haba. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Jumba hili lilijengwa kati ya 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle, na ni Yongle huyohuyo aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Kiongozi wetu hakuligusia hilo. Niliwasimulia wenzangu chini ya yale mapaa ya vigae vya manjano, na mmoja, ambaye mama yake ni wa Malindi, alinyamaza kwa muda akaanza kulia. Lijue jambo hilo kabla hujaingia, litakubadilishia unachokiona.

Ukitoka lango la kaskazini, kundi litaelekezwa kwenye basi. Mwombe kiongozi dakika arobaini. Ng'ambo ya barabara kuna kilima cha Jingshan, kiingilio chake ni kidogo mno, na juu yake unaliona jumba lote limetandazwa miguuni pako. Omba mapema, asubuhi kabla ya kuondoka, ili aweze kupanga. Ukiomba mkiwa mmeshachoka, atakataliwa na dereva.

Lakini Beijing niliyoipenda mimi haikuwa kwenye ratiba. Basi letu liliondoka saa mbili na nusu asubuhi, na alfajiri yote ilikuwa yetu. Bustani ya Hekalu la Mbinguni, Tiantan, hufungua mageti mapema sana. Tuliamka tukaswali, tukachukua teksi watu wanne kwa kumwonesha dereva anwani kwenye simu. Ndani tulikuta wazee, mamia ya wazee. Wengine wanafanya mazoezi ya viungo ya taiji polepole chini ya misunobari, wengine wanarusha kwa mguu kijipira chenye manyoya ya ndege bila kukidondosha, wamama wamejipanga wanacheza na vipepeo vyekundu vya kujipepea. Mzee mmoja alikuwa anaandika herufi kubwa sakafuni kwa brashi ndefu aliyoichovya kwenye ndoo ya maji. Akimaliza mstari wa tatu, wa kwanza umeshakauka. Kwenye ujia mrefu wa kuelekea hekaluni watu wanacheza karata na kuimba. Bibi mmoja alinishika mkono akaniingiza kwenye mstari wa ngoma, akaniuliza umri kupitia simu ya kutafsiri, nikamwambia, akaniinulia kidole gumba. Fanya hivi kila mji: uliza mapokezi bustani ya karibu ni ipi, nendeni wawili au zaidi, mwambieni kiongozi, na mbebe kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina. Mtarudi kabla ya chai kwisha.

Kwenye Ukuta Mkuu, uliza mnapelekwa sehemu gani. Badaling inafikika kwa urahisi na hujaa watu. Mutianyu, umbali wa kilomita 70 hivi kutoka mjini, ina nafasi zaidi na miti pande zote. Wenye magoti kama yangu wapande gari la kamba hadi mnara wa 14, kisha watembee kuelekea mnara wa 6, ambako kuna viti vya kushukia vinavyoning'inia kwenye kamba. Kuna jambo moja la kuangalia hapo: gari la kamba na viti ni huduma mbili tofauti, na tiketi ya kwenda na kurudi ya moja haikushushi kwa nyingine. Kata ya kupandia tu, kisha ya kushukia. Ngazi hazilingani, moja ya kifundo cha mguu, inayofuata ya goti. Shuka kwa ubavu, mkono ukutani.

Kati ya Beijing na Xi'an omba treni ya mwendokasi, usikubali ndege. Ni zaidi ya kilomita elfu moja, na treni ya haraka huchukua kama saa nne na nusu, mashamba ya ngano na vijiji vikipita dirishani. Kituo chao kina taratibu za uwanja wa ndege: mizigo inapita kwenye mashine, pasipoti ndiyo tiketi, na geti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Begi unalibeba na kulipandisha mwenyewe, kwa hiyo liwe la uzito unaoumudu. Kila behewa lina bomba la maji ya moto ya kunywa. Mimi nilikwenda na chupa ya chai, tangawizi kavu na iliki, na behewa zima likawa linanukia kwetu.

Xi'an, jeshi la udongo la mfalme Qin Shi Huang lilipatikana mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wanachimba kisima. Kwenye shimo la kwanza, ambalo ndilo kubwa, makundi yote husukumana kwenye uzio wa mbele. Piga picha yako moja, kisha fuata ubavu hadi nyuma, ambako wataalamu wanaunganisha askari vipande kwa vipande. Huko ndiko unakoiona sura ya kila mmoja na kuelewa kazi iliyofanyika.

Jioni ya Xi'an usiitoe kwa onesho la ngoma na chakula wanalouza nje ya kifurushi. Nenda mtaa wa Waislamu, nyuma ya Mnara wa Ngoma. Barabara kuu yake ni zogo la mishikaki na wapiga picha; ingia vichochoro vya ndani uutafute Msikiti Mkuu. Hauna kuba wala mnara mrefu. Ni nyua zinazofuatana, malango ya mbao, paa zilizopinda, na kibla ni magharibi, sisi tuliozoea kuelekea kaskazini ilitubidi tutulie kwanza. Ukumbi wa swala huingia Waislamu tu, na kuta zake zina mbao zilizochongwa aya za Qur'ani. Tulitoa salamu, tukaitikiwa kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Halafu kula yangrou paomo: unapewa mkate mgumu, unaumega mwenyewe vipande vidogo kama punje za maharage, bakuli linarudi jikoni na kuja na supu ya kondoo. Usione uvivu kuumega; vipande vikubwa havinywi supu.

Kuhusu chakula kwa jumla, piga picha alama hizi: 清真. Ukiziona kwenye kibao, mara nyingi cha kijani, hapo ni halali, na vibanda vya tambi za Lanzhou vyenye alama hiyo viko karibu kila mji. Hata asiye Mwislamu atakipenda chakula chao, kina bizari ya pilau na pilipili anazozijua. Kwenye meza za kundi, zile za duara zenye kioo kinachozunguka, wali huja mwishoni; sema "mifan" mapema, utaletewa. Masharti ya nguruwe yaandikwe kwa wakala kabla ya safari na yakumbushwe kila mji, kwa sababu kila mji una kiongozi wake mpya. Vyoo vingi vya hadharani ni vya kuchuchumaa, jambo ambalo kwetu si geni, ila karatasi hakuna na maji hakuna. Chupa ndogo tupu ikae kwenye mkoba daima.

Shanghai sitaisema sana. Waitan, ule ukingo wa mto, usiku, taa za ng'ambo, inatosha. Jengo la Shanghai Tower lina mita 632, na siku ya ukungu usilipe kulipanda. Panda pantoni ya abiria uvuke mto Huangpu na wafanyakazi wanaorudi nyumbani, kwa nauli ndogo kabisa.

Manunuzi yasubiri Guangzhou, hasa kama ndege yenu inaondokea huko. Mtaa wa Xiaobei utasikia Kiswahili cha wafanyabiashara wetu, na hao ndio wa kuwauliza duka gani lina bei ya kweli na nani anasafirisha mzigo. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza begi siku hiyohiyo, na upime kabla ya kurudi hotelini, kwa sababu pale uwanja wa ndege kilo zilizozidi zinalipiwa ghali. Bahasha ya kiongozi na dereva iandaeni mapema: kwa wenyeji si desturi kutoa bakshishi, lakini kwenye ziara za makundi inasubiriwa, na kiwango chake muulizeni wakala kabla hamjaondoka nyumbani.